Mgonjwa wa Kwanza wa Banda la Ndui

Nichekeni tu, ndugu zangu, maana nimechoka hata kuona haya. Mimi ni dresa, mfunga vidonda na mchanjaji wa zahanati hapa Nyamache. Serikali ilitoa fedha tujenge banda la kutenga wagonjwa, ndui isije ikatukuta mikono mitupu, na tununue vitanda na mablanketi. Tukaambiwa mkaguzi atakuja kuona kama fedha zilitumika sawasawa. Nikafagia, nikatandika, nikangoja. Hakuja.

Juzi mchana, nimetoka kupanda vilima nikichanja watoto, nilijilaza kidogo bandani, nikajifunika blanketi fupi la serikali mpaka kichwani. Nikazinduliwa na sauti ya chifu mlangoni: "Bwana, vitanda hivi havijaguswa na mtu."

"Na yule ni nani?" mkaguzi akauliza.

Ningeinuka hapo hapo, pengine ningesamehewa. Badala yake nikapiga kite kama mgonjwa. Chifu akaruka nje akipiga kelele, "Ndui imefika!" Mkaguzi, kumbe ni daktari, akasogea.

"Unaumwa wapi?"

"Kila mahali," nikanong'ona, na huo haukuwa uongo.

Akaamuru soko lifungwe na dresa aitwe upesi. Nikasikia akina mama wakikusanya ndizi zao wakikimbia, nami nikazidi kuogopa kufunua uso.

Waliotumwa kwangu walimkuta mke wangu. Akaja mbio, akasimama mlangoni, akaitazama miguu yangu iliyochomoza.

"Lakini Bwana," akasema kwa upole, "dresa si huyo hapo? Baba Moraa, amka, unatafutwa."