Nilivyolilia Jeneza la Wenyewe Stesheni

Naomba msinicheke mpaka nimalize, maana hata leo, mama mzima mwenye watoto wakubwa, nikipita karibu na stesheni kuu ya reli mimi hugeuza uso upande wa pili.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa chuo, nasi tukiishi Makongeni kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Senge Rispa, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki (nami nikimwita mama), alikufa mwezi wa Julai, ikaamuliwa asafirishwe kwa gari moshi la jioni akazikwe kwetu magharibi. Kwetu mtu haingii msibani kwa salamu; huanza kulia angali mbali, mikono kichwani, akimwita marehemu. Kilio changu kilikuwa kinasubiriwa, kwa sababu Senge Beti, mdogo wa marehemu, alikwisha kunisema mbele ya watu: “Huyu wa chuo atalia na kitambaa puani!” Nikaapa kwamba nitamlilia aliyenilea mpaka stesheni isimame.

Mtihani ulinichelewesha. Nilipofika nyumbani wote walikwisha kutangulia, nikabeba mfuko wangu na kuamua kufuata reli, kama tulivyofanya utotoni, badala ya kuzunguka kwa Barabara ya Jogoo. Uamuzi huo mdogo ndio ulionimaliza. Ukungu ulikuwa umeshukia mabehewa makuukuu yaliyotelekezwa kandokando ya karakana, na ndani ya madirisha yasiyo na vioo niliona kama watu wameketi wakinigeukia (najua, vilikuwa viti tu, lakini viti havigeuki), basi nikaenda mbio bila kutazama nyuma, nikatokea mwisho wa jukwaa, mahali abiria wasipopita, na hapo nikaona jeneza chini ya kitenge kando ya behewa la mizigo, na wanawake wamelizunguka. Sikutazama sura ya mtu. Nikaweka mikono kichwani.

“Uuuwi! Mama yangu! Umeniacha na nani? Nimekuja, mama, fungua macho unione!”

Nikajitupa juu ya jeneza. Wote wakarudi nyuma hatua moja, kama watu walioona kitu. Kisha bibi mmoja, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama chuma.

“Amekuja. Si niliwaambia binti yake atakuja?”

“Bibi, una hakika ni yeye?” mwanamume mmoja akanong’ona. “Miaka yote hii?”

“Nani mwingine angelia hivi? Fungueni amwone. Mama yake alimngoja mpaka pumzi ya mwisho.”

Wakafungua. Alikuwa mwanamke nisiyemjua kabisa, na jicho lake moja halikuwa limefumba sawasawa.

Nilitaka kusema nimekosea, lakini sauti nilikuwa nimeimaliza yote. Ikatoka hewa tu. “Mguse, mwanangu,” bibi akasema, “umwambie umerudi.” Wakanisukuma taratibu, kwa upole ulionitisha kuliko ukali.

Ndipo kaka yangu akatoa kichwa dirishani, mabehewa kadhaa mbele: “Dada! We dada! Unamlilia nani huko? Senge keshapakiwa huku!”

Jukwaa zima likageuka. Mpakiaji mmoja akaangusha gunia kwa kicheko, na Senge Beti akapaza sauti: “Ala! Machozi yetu umewapelekea majirani?”

Bibi hakucheka. Hakuniachilia pia. “Basi wewe ni nani?” akauliza.

Nikajichomoa, nikakimbia. Mbele ya jeneza la Senge Rispa nilisimama mkavu, bila chozi wala sauti, na Senge Beti akawatazama wenzake kama anayesema, si niliwaambia?

Gari moshi lilipoanza kuondoka nilichungulia nyuma. Jukwaani alibaki mwanamke wa rika langu, mfuko miguuni, mikono kichwani, mdomo wazi bila kutoa sauti. Watu wa yule bibi walikwisha kupanda, lakini mwanamke huyo hakupanda. Alinitazama mimi hasa, mpaka ukungu ukamfunika. Huenda alifika akakuta tayari yupo binti anayelia mahali pake.

Siku hizi nikifika msibani huwasalimu watu kwanza, mmoja mmoja, kisha nikauliza ni nani amelala hapo. Wanasema nina moyo mgumu. Waache waseme.