Njia ya Wapangaji

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu ni ile asubuhi niliyokuta kigingi kimepigwa katikati ya njia yetu, pale mtaa wa Landless, mjini Thika. Kilikuwa kigingi cha mti tu, cha wapima ardhi, kimepakwa rangi nyekundu kichwani. Ng'ombe angekipita bila kukitazama. Mimi nilikizunguka kana kwamba ni nyoka.

Nitakueleza sababu, na uniwie radhi nikienda polepole. Siku hizi naishi Kimbo, huku Ruiru, na magoti yangu yamekubaliana kabisa na wale waliosema mwenda pole hajikwai.

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi wa nguo mwenye cherehani moja na mtoto mmoja. Tulipanga chumba kwa mjane mmoja mzee tuliyemwita Cucu Njoki, yaani Nyanya Njoki. Mtoto wangu, Wairimu, alizaliwa na mguu dhaifu, akawa anatembea kwa magongo. Shule yake ilikuwa nyuma ya ploti zetu. Kufika huko alipita kijia kilichokuwa kati ya ploti ya Cucu Njoki na ile ya jirani yake, Mzee Gathogo. Hakuna mtu aliyewahi kukipima kijia hicho. Kilitengenezwa na miguu ya wapangaji, mmoja baada ya mwingine. Wairimu alikipita peke yake, akafika darasani kabla ya kengele, na jioni akarudi akinisimulia yote yaliyotokea huko, hata nisiyoyauliza.

Njia nyingine ya kwenda shule ilikuwa barabara ya malori ya mawe, na barabara hiyo haikuwa na mahali pa mtu wa miguu, sembuse wa magongo. Kwa hivyo kigingi kile kiliniambia jambo moja tu. Hapa patajengwa ukuta, nami itabidi nimpeleke mtoto wangu Nyahururu akaishi na nyanya yake, kwa sababu huko shule iko karibu na lango la nyumbani. Mimi ningebaki Thika na cherehani.

Nilikimbia kwa Cucu Njoki kama kwamba yeye ndiye aliyekipiga. Alikuwa mlangoni pake akichambua maharagwe.

"Cucu, wanafunga njia!"

Hakuinua uso. "Ulikuja mkutano wa ramani ya mtaa?"

"Mkutano gani?"

"Ule tangazo lake lilibandikwa kwa duka. Kwani maziwa unanunuanga wapi?"

Tangazo nilikuwa nimeliona, na nikakubali kwamba nililiona. "Lakini Cucu, huo si ulikuwa wa wenye ploti? Mimi ni mpangaji tu. Kwetu ni Nyahururu."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. "Haiya! Mama Wairimu, kwenu ni pale utazikwa, ama ni pale mtoto wako anajifunza kutembea?"

Hata leo, ukiniuliza hilo ghafla, nitakohoa kwanza.

"Kaa chini," akasema. "Mimi nilienda. Kijana wa ramani alituuliza, hapa watu wanapita wapi? Tukamwambia zile njia tunajua. Hiyo yenu hakuna mtu aliitaja."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ninaipita nikienda wapi, shule? Na haya meno ya uzee? Mtu husahau njia asiyopita. Nyinyi mnaoipita, mlikuwa wapi?"

Mwanangu, ona vile hakukuwa na mtu mbaya katika jambo hilo. Ningependa kuwe na mmoja, nimchukie niridhike, lakini hakukuwa. Wenye ploti wengi waliishi kwingine na kufika Landless mwisho wa mwezi. Sisi tuliolala pale, tuliochota maji na kuzaa watoto pale, tulijihesabu kuwa watu wa kupita. Basi kijana wa watu akachora alichoambiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa wageni wa miaka na miaka, na jembe tukalikwepa kwa heshima zote.

Kwa neema ya Mungu ramani ilikuwa bado ya kujadiliwa, na mkutano mwingine wa kusikiliza malalamiko ulikuwa umeitishwa katika ukumbi wa kanisa. Cucu Njoki alinipeleka. Mlangoni mwenyekiti akaniuliza ploti yangu ni gani. Nikageuka niende zangu. Cucu akanishika sweta kwa nyuma. "Yake ni yangu," akamwambia. "Anakaa ndani."

Tuliingia tukaketi nyuma. Mtu wa kwanza aliuliza hati yake ya ardhi itatoka lini. Wa pili akauliza hati yake itatoka lini. Wa tatu, aliyekuwa amewasikia vizuri wale wawili wakijibiwa, akasimama akauliza hati yake itatoka lini. Afisa wa mipango, yule kijana wa ramani, mpole mwenye subira ya punda, akawajibu wote maneno yale yale. Ndipo Cucu Njoki akainuka.

"Mimi sina swali," akasema. "Nimeleta mtu." Halafu akaketi, akaniacha.

Sijui nilisimamaje. Nilishika kwa nguvu kiti cha mbele yangu, na aliyekikalia akageuka kuona nani anamtikisa. Sikusema maneno ya maana. Nilisema nina mtoto, anaitwa Wairimu, anatembea kwa magongo, anapita pale, na pale pakifungwa nitaachana naye. Nilisema pia kwamba si yeye peke yake anayepita, ila nikaketi kabla ya kuwataja wengine.

Mzee Gathogo akasimama. Alikuwa mtu wa haki, lakini mkali kama pilipili. "Hawa wapangaji ni ndege," akasema. "Leo wako, kesho wameruka. Mimi nitoe ardhi yangu kwa sababu ya ndege?"

Watu walicheka. Afisa hakucheka. Aliniuliza, "Mama, kesho asubuhi unaweza kunionyesha hiyo njia?"

Alikuja kweli, mapema, viatu vikiwa vimelowa umande. Tukasimama kwenye mdomo wa kijia: yeye, mimi, Cucu Njoki na Mzee Gathogo, ambaye alisema amekuja kulinda ua wake. Watu wakaanza kupita. Walipita wanawake na mitungi ya maji. Wakapita wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu. Akapita Baba Halima, mpangaji mwenzangu aliyeuza viatu vya mitumba, akiwa na watoto wake na gunia mgongoni. Kisha akaja Wairimu na magongo yake. Mzee Gathogo alikuwa amesimama katikati, ikabidi ajibanze kwenye ua wake mwenyewe ili mtoto apite.

"Asante, guka," Wairimu akasema, akimwita babu, akaenda zake.

Afisa alikuwa ameshatoa kalamu. "Shosho, mimi hii sikuiona kwa sababu hakuna mtu aliniambia," akamwambia Cucu. "Nashukuru mmekuja." Alieleza kwamba njia inaweza kubaki, lakini ili itambuliwe lazima ipanuliwe kidogo, na upana huo utoke kwenye ploti zote mbili. Yeye hawezi kumlazimisha mtu. Wenyewe wakubaliane.

Nilijua kipande cha Cucu Njoki kilikuwa cha nini. Alitaka kujenga chumba kingine hapo, cha kumsaidia atakapozeeka zaidi. Alikuwa ameshaleta hata mawe ya msingi. Nikamtazama, nikaona haya kuomba.

"Chora," akamwambia afisa.

Mzee Gathogo alisugua kidevu. "Na hawa wakihama?"

"Wakihama watakuja wengine. Mguu ni mguu, Gathogo."

Baba Halima alikuwa amesimama karibu akisikiliza, gunia bado mgongoni. "Mzee," akasema, "mimi siku nitahama, yule ataingia kwa nyumba yangu nitamwambia hii njia ni wewe ulitupatia. Na yeye atamwambia mwingine."

Mzee alijaribu kununa, ikamshinda. "Haya," akasema. "Lakini tupande itoka. Sitaki mtu aje kuniambia nilitoa zaidi."

Itoka, kama hujaiona, ni mmea wa maua wenye kitunguu kikubwa chini ya udongo. Wazee wa Kikuyu waliipanda mipakani. Wenye ardhi wa pande zote mbili walikutana, wakaipanda mbele ya mashahidi, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuisogeza. Ukuta mtu anaweza kuubomoa usiku, lakini itoka watu waliiogopa.

Jumamosi tukakutana pale. Cucu Njoki alipanda kitunguu cha kwanza upande wake. Akachimba shimo la pili, akajipangusa mikono, akaniita. "Mama Wairimu, kuja upande hiki."

Mzee Gathogo akashtuka. "Njoki, mpangaji hapandi itoka."

"Na nani ataichunga? Wewe na mimi tunapita hapa?"

Mzee alilizunguka lile shimo akifikiria mila yake. Sikumlaumu, maana mila si nguo ya kuvuliwa upesi. Kisha akaokota kitunguu cha upande wake, akakiweka mkononi mwangu pamoja na kile cha Cucu. "Panda na huku," akasema. "Lakini panda wima."

Nilipiga magoti kwenye udongo wa watu, nikapanda, na machozi yakanitoka mbele ya wenye ploti wote. Sikuona aibu. Tangu nifike Thika nilikuwa nimejiona kama mzigo uliowekwa mahali kwa muda. Siku hiyo niliwekwa shahidi.

Wairimu hakwenda Nyahururu. Alikua mikononi mwangu, jioni baada ya jioni, na masimulizi yake yasiyoisha. Leo ni mama, na bado anaongea. Mtu akiniuliza nilipata nini mjini, namjibu kwamba nilipata kumlea mtoto wangu.

Kabla Cucu Njoki hajatutoka nilimpelekea kitambaa nilichomshonea, nikaanza kumshukuru. Alikipokea kitambaa, akakataa shukrani. "Hiyo usiniletee mimi," akasema. "Peleka kwa mkutano mwingine."

Ndiyo maana unaniona Jumamosi nikichukua mkoba. Tuna kikundi chetu cha wakazi, wengine wa Thika, wengine wa huku Ruiru, kwa sababu barabara, maji taka na mito havijui Thika inaishia wapi na Ruiru inaanzia wapi. Wamo vijana wa kompyuta, wamo wauza mboga, yumo mchungaji na yumo dereva wa tuktuk. Kabla ya kufungua ramani yoyote tunaitembea sehemu yenyewe kwa miguu, na yule anayepita pale kila siku ndiye anayetangulia. Mimi hubaki nyuma nikihema, lakini hufika.

Nawe, kijana, juzi umehamia ghorofa kule Mugutha. Nilipokualika kikundini ukaniambia, "Shosho, mimi ni tenant tu, mwaka ujao niko out." Nilicheka mpaka nikakohoa, nawe ukadhani ni uzee. Wapo watakaokwambia aliye kando haangukiwi na mti. Ni kweli msituni. Mjini, mwanangu, aliye kando ndiye hupangiwa mti uangukie kwake.

Basi sikia nasaha yangu. Mahali unapolala ni kwako, hata kama kitanda ni cha kukopa. Mkutano ukiitishwa, nenda. Ukikuta watu wanauliza mambo ya ploti zao peke yao, usiwacheke, ngoja zamu yako useme unapopita wewe. Usingoje uwe na maneno mazuri, mimi sikuwa nayo. Ukiwa na chako, kumbuka kwamba hujui njia za asiye nacho, basi mlete aseme mwenyewe. Na aliyekuachia nafasi, mshukuru kwa kumwachia mwingine.

Mungu akupe miguu ya kufika na moyo wa kubaki mpaka mkutano uishe. Akupe majirani wanaokujua kwa jina la mwanao. Na siku utakapohama, mtu usiyemjua apite salama pale ulipoishi.