Nilimwambia Asisogee

Sauti ambayo haijanitoka ni ya miguu ya chuma ikikokotwa kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa mchana, nami niko mezani napaka rangi. Nilidhani jirani yangu anafagia chini ya cherehani yake, nikaendelea na kazi. Kumbe alikuwa anaihamisha kutoka kwenye ukuta wetu.

Admin, nifichie jina. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, naishi peke yangu katika chumba cha kupanga sokoni Mbumbuni. Nimesoma hadi chuo kikuu, na kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya watoto. Ni kazi ya upweke. Hadithi inatumwa kutoka Nairobi, najifungia nayo, na wiki nzima inaweza kupita bila mtu kuniita jina. Wapangaji wenzangu wa ploti hii wananiita "yule wa picha". Mama yangu kule Kitui bado anawaambia wenzake kanisani wanikumbuke kwa maombi nipate kazi.

Mtu pekee niliyekuwa naye ni fundi wa nguo wa chumba cha pili, nimwite Mutheu. Ananizidi miaka michache, na mume wake anafanya kazi Kiboko, huja mwisho wa mwezi. Cherehani yake iliegemea ukuta uleule ulioegemewa na meza yangu, na mlio wake ndio ulionifanya nikae kwenye kiti. Ikinyamaza najua anachemsha chai, nami naenda. Tena mimi siwezi kuchora mwili wa mtu kwa kubuni, lazima nimwone amesimama mbele yangu. Kwa hivyo Mutheu ndiye mama wa vitabu vyangu vyote. Mama anayeteka maji ni yeye, mama anayepepeta maharagwe ni yeye. Hadithi ikiwa na mtoto mchanga, naviringisha pakiti ya unga ndani ya leso, kwa sababu mtu aliyebeba kitu chepesi huonekana tu kwamba anaigiza.

"Haiya, leo nimezaa nini?" alikuwa akiniuliza akipokea ule unga.

"Msichana."

"Huyu, na uzito huu? Huyu amefuata baba yake. Chora haraka, mwaitu, kabla sijampika ugali."

Mwaka huu nilipewa hadithi ya mtoto anayemwonea wivu mdogo wake aliyezaliwa. Wakati huo Mutheu alikuwa ameenda kwao, ameniachia ujumbe kwamba ana homa. Alirudi amekonda. Nikampa pole ya homa, na kwa kuwa siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imekaribia, nikamgongea aje tuchore. Siku hiyo hakuuliza amezaa nini. Alipokea unga, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, na mkono wake ukaenda wenyewe mahali ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa, ukatulia hapo. Sikuwa nimemwagiza. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo tangu nianze kazi hii. Nikamwambia, "Hapo hapo! Usisogee." Hakusogea. Nilichora hadi chai yake ikapoa pembeni. Nilipomaliza aliulaza unga kitandani taratibu, akaufunika kwa ncha ya leso, akasema ana nguo ya mteja, akatoka. Kesho yake ndipo niliposikia ile miguu ya cherehani.

Tangu hapo nikimwita chai ana kazi nyingi. Nikipita, mlango unarudishwa. Nilikasirika, jamani. Nilijiuliza nimemkosea nini, nikala peke yangu, nikalia peke yangu, nikitega sikio kwenye ukuta usiotoa sauti. Mwishowe nikamlalamikia Mama Kyalo, anayeuza nyanya langoni, kwamba Mutheu anaringa siku hizi.

Akaacha kupanga nyanya. "Anaringa? Mimba ya miezi sita imemtoka, wewe unasema anaringa?"

"Mimba gani?"

"Kwani huna macho? Aliporudi, ploti nzima tulimpelekea uji. Tukasema wewe tukuache, uko na vitabu vyako."

Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama. Nilikuwa nimesifu jinsi magauni yake mapya yanavyoanguka, nikayachora, nisijiulize kwa nini anajishonea mapana. Lakini nami niliumia, na bado naumia. Mama Kyalo anayemsengenya alijua. Mimi niliambiwa homa. Labda Mutheu aliona nikiambiwa nitamtazama tu, kama ninavyotazama kila kitu.

Wiki hiyohiyo mhariri akanipigia. Nilikuwa nimemtumia picha ya ule mchoro kwa simu. "Huo mkono kichwani umeniliza," akasema. "Tunauweka kwenye jalada." Vitabu hivi huingia shuleni. Watoto wa soko hili wangekuwa wanapita mlangoni kwa Mutheu wakiwa wamemshika mkononi, yeye na mtoto wake wa unga. Na ndio mchoro bora niliowahi kuchora. Pengine sitachora mwingine kama huo.

Nilianza kuwaandikia mniambie la kufanya. Nilipofika hapo juu niliiacha simu, na sasa ninamalizia nikiwa nimeshafanya. Nilimpigia mhariri nikamwambia afute ile picha, mchoro huo siutoi, nitamchorea mwingine. Akauliza sababu, nikasema sababu si yangu kuisema. Akajibu kwamba basi kitabu atampa mchoraji mwingine. Nikasema sawa.

Kisha nikauchukua mchoro wenyewe nikaenda kwa Mutheu. Alikuwa akishona, kule karibu na mlango.

"Sikujua," nikamwambia. "Na nilipaswa kuona. Huu ni wako, hauendi popote."

Aliutazama kwa muda mrefu, mguu ukiwa umesimama kwenye kikanyagio.

"Ulaze pale kitandani," akasema.

Nikaulaza, nikarudi chumbani kwangu. Nimekaa mezani tangu hapo. Mlango wake sijausikia ukifungwa.