Tundu Nililotoboa kwenye Kompyuta ya Mkamwana

Shule sikukaa sana. Mimi ni fundi wa vitanda hapa Kamuli, na kitanda kikikataa bolti, natoboa tundu jingine.

Mke wa mwanangu anaishi kwa kuchapia watu barua. Alinunua kasha jipya la kompyuta, matundu yake yakakataa kulingana na ya ule ubao wa kijani wa ndani. Akaenda kuulizia kasha jingine. Huruma ikanishika, nikachukua keekee, nikautoboa ubao. Ile mistari yake midogo nilidhani mapambo, kumbe ndimo umeme unamopita.

Aliporudi, kompyuta haikuwaka. Kwetu mkamwana hamkemei baba mkwe. Akapiga magoti, machozi yanamlenga.

"Baba, nani ametoboa?"

"Kuna fundi kapita."

"Fundi huyo amekuachia unga wa kijani kwenye ndevu, baba."