Mgeni Asiyekuja na Viatu

Kabla sijaanza, tuelewane. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Ilikuwa saa kumi jioni, hapa hapa Visiga, redio ya jirani inapiga kelele kama kawaida yake. Anayetaka kubisha abishe, lakini flashi ninayo, na bibi yake Neema yuko hai Kisarawe.

Lazima nianze na habari ya viatu. Nimekulia Kisarawe, na baba yangu, mwalimu, ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza mtaani kwetu, ile ya chogo. Ikawekwa sebuleni, mama akaifumia kitambaa cha maua, na sheria ikatoka: hakuna kuingia na viatu. Zulia lenyewe hatukuwa nalo! Mama alisikia kompyuta zinashika virusi, na yeye alijua virusi huja na uchafu. Basi tukawa tunanawa miguu kwanza ndipo tukaandike majina yetu. Siku kompyuta ilipopata virusi kweli, nani alichapwa? Mimi, kwa sababu nilikutwa sebuleni na kandambili. Unacheka? Hata mimi ningecheka, kama viboko vingekuwa vya mwingine.

Nimekua, nimesoma, najua virusi hivyo havipandi kwa miguu. Lakini sheria nimehama nayo. Chumba changu cha kazi kina skrini mbili, moja ina mstari pembeni, na UPS, betri ya akiba inayolia kama kitoto umeme ukikatika. Nanunua kompyuta za mitumba, nazifuta, nazisafisha, nawauzia wanafunzi. Na nilikuwa najisifu kwamba vya watu sivichungulii. Mimi nafuta tu.

Masika yaliyopita, mvua ilishinda ikinyesha na barabara yetu ikawa tope tupu. Nilikuwa nimeshaunganisha kompyuta moja ya zamani, kidole tayari kipo kwenye kitufe cha kufuta, nikasikia hodi.

"Karibu! Viatu nje!" nikajibu bila kugeuka.

"Sikuja na viatu, mwanangu."

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, gauni jeupe, kitambaa kichwani, na miguuni soksi nyeupe pee, utadhani zimetoka dukani sasa hivi. Nikajua viatu kaviacha barabarani kwa ajili ya tope. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nikampa kiti, akakataa.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema, anaitazama kompyuta. "Usiifute. Kuna maneno ya Neema humo."

"Neema ndiye nani?"

"Mwanangu. Yuko kwa bibi yake Kisarawe, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kanisa."

Nami kwa mdomo huu nikaanza kumpa somo. "Sasa mama, mtu anauzaje kompyuta bila kutoa vitu vyake?"

"Sikuuza mimi."

Basi nikafungua ili yaishe. Kweli, kulikuwa na folda ya Neema, na ndani yake video nne. Majina yake siyasahau: Ukianza kusoma. Ukivunja ungo. Ukimaliza shule. Ukiolewa. Nikafungua ya kwanza. Akatokea mama huyo huyo, yuko kitandani, amekonda mpaka anatia huruma. Alikaa kimya kidogo, akiangalia mbele, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Nikashangaa, kamwitikia nani? Nikageuka nimpe pole kwa kuugua.

Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, hata tone la tope hamna. Nikachungulia nje: kandambili zangu peke yake.

Niamini, nywele zilinisimama. Na hapo hapo umeme ukakatika! UPS ikaanza kulia, na UPS yangu ikilia nina dakika kumi tu. Diski nayo ilikuwa imeanza kugonga ndani, na ninavyozijua diski, hiyo ilikuwa inakata roho. Wewe ungefanyaje? Mimi nilichomeka flashi nikaanza kunakili. Sijidai, lakini fundi mwingine angekuwa kafika Mlandizi kwa mbio. Video ya nne ilipomaliza kuingia, skrini ikazima. Diski ile haijawaka tena mpaka leo.

Kesho yake nikaenda Kisarawe. Mlango wa kijani ulikuwepo. Bibi alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye soksi, hapo akaweka mikono kichwani.

"Nilimvisha mwenyewe," akasema. "Mpya, nilizitoa kwenye pakiti. Viatu hatukumzika navyo."

Mwanawe, mama yake Neema, alifariki mwaka jana, na shemeji yake aliuza vitu vyake matanga hayajaisha.

Tukamwita Neema, ana miaka saba, ndiyo kwanza anajua kusoma. Nikaweka kompyuta yangu ndogo mkekani, nikafungua video. Mama yake akatokea, kimya, anatazama mbele. Mtoto akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nililia mbele ya watu nisiowajua, na sioni aibu.

Bibi alikataa kubaki na flashi, eti mtoto atazifungua video zote kwa siku moja. Kwa hiyo zile tatu zilizobaki ninazo mimi, nakala tatu, sehemu tatu tofauti, na sitazifungua kabla ya siku zake. Siku hizi sifuti kompyuta ya mtu kabla ya kupekua ndani, na nikisikia hodi, nageuka kwanza ndipo nitaje viatu.

Nawe mwenye kompyuta ya marehemu kabatini, usiiuze kabla hujaifungua. Mwenyewe akija kuifuata hatakuja kwa fujo. Atabisha hodi kwa adabu, na hata kama nje ni tope tupu, soksi zake zitakuwa safi.