Mkaa wa Mkwaju Wangu

Muuza mkaa wangu hapa Korogwe ana mchezo mmoja unaonikera. Kabla hajajaza ndoo, huchukua vipande viwili akavigonganisha karibu na sikio langu, vikalia kama chuma. "Sikia huo, dada. Mkwaju mtupu, cheche hauna!" Namlipa, namshukuru, halafu njia nzima roho inaniuma. Na harufu ya mkaa ule ukishashika moto, jamani, msinisemeshe.

Nami nilikuwa na mkwaju wangu. Msicheke. Kwetu Handeni kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa chini ya mti, na mti huo unakuwa wake. Changu alikizika bibi, mama mzaa baba, chini ya mkwaju uliokuwa ukingoni mwa kijito. Nilivyoringa kwa mti ule! Hakuna mtoto aliyeokota ukwaju bila kuniamkia shikamoo, hata walionizidi umri, tena huku wamenuna. Nami meno yametiwa ganzi na ukali wa ukwaju, naitikia marahaba kama mke wa diwani.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mahindi yalikauka yakiwa ya magotini, na wanaume wakaingia porini kuchoma mkaa, baba akiwa mmoja wao. Kila mti mgumu ulikuwa gunia la mkaa, na kila gunia lilikuwa unga wa ugali. Malori yalibeba mkaa kupeleka Dar. Moshi na visiki tukabaki navyo sisi. Siku hizo ndipo bibi aliponifunga kanga mpya, akasema niende Mnyuzi kwa shangazi nikaone treni. Nilifurahi mno.

Niliporudi, mkwaju haukuwepo. Palibaki kisiki, na pembeni yake vibanzi vya magome vimelala juu ya unga mweupe.

"Wageni hao," baba alisema, huku akinoa panga. "Wamekuja tukiwa msibani."

Nikamkimbilia bibi. Alinikumbatia, akanifuta makamasi kwa upindo wa kanga yake. "Pole, mjukuu wangu. Wageni hawana huruma." Ule unga nilidhani ameumwaga yeye kuupa mti pole, nikazidi kumpenda.

Basi nikawachukia wageni. Kila aliyepita na baiskeli iliyojaa magunia ya mkaa nilimtemea mate nyuma yake, hata yule aliyenisabahi kwa upole, "Hujambo, binti?" Maskini ya Mungu, labda alikuwa amebeba mkwaju wangu, tena kaununua nyumbani kwetu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikifunga kitovu chake kwenye leso, na arobaini ilipotoka nikakipeleka kwa bibi. Nilitaka mkono uleule ulionizikia changu. Kijito nilikikuta mchanga mtupu. Nyuma ya nyumba baba alikuwa anataka kukata mti apate nguzo, na bibi ameinama shinani, ananyunyiza unga, anawataja wazee wetu mmoja mmoja na kuwaomba radhi. Alipomaliza, baba akainua shoka. Vibanzi vya magome vikaruka, vikatua juu ya unga.

Nikakikumbuka kisiki cha mkwaju wangu. Mgeni gani angeleta unga? Mgeni gani anawajua wazee wetu kwa majina? Unga ulitangulia shoka siku ile pia, na aliyeunyunyiza ndiye aliyenivisha kanga mpya nisiwepo, ndiye pia aliyenifuta makamasi.

Njaa naielewa. Wangeniambia, ningelia mpaka nichoke, kisha ningekula ugali kama wenzangu. Lakini kunikumbatia huku unawasingizia wageni, ukaniacha niwachukie watu wasio na hatia! Hilo limenikaa kooni mpaka leo, na bibi mwenyewe tumeshamzika.

Siku ile ya nguzo, bibi alikung'uta mikono, akanikingia kiganja chake, bado cheupe kwa unga. "Haya, mama, lete kitovu. Mtoto tumpe mti gani?"

Nikaifumba leso mkononi. "Nitakizika Korogwe, bibi."

Alikitazama kiganja chake, akatazama upande wa kijito, kisha akaanza kujifuta ule unga kwa upindo wa kanga yake.