Mideva Ahama na Fizikia Yake

Mideva, fundi wa nguo pale Kawangware 56, Nairobi, aliacha shule akiwa msichana kwa sababu aliambiwa ana kichwa kigumu, naye akaamini. Sasa ni mama mzima, amerudi kusoma jioni, na fizikia imemkalia kooni. Nguvu ni sawa na tungamo mara mchapuko, yaani wingi wa mata mara jinsi kasi inavyoongezeka. Alikariri akishona zipu, akakariri akipika ugali, wapi! Na mwalimu Ndegwa amesema Jumatatu asimame aeleze kwa maneno yake, la sivyo hatamwandikisha kwa mtihani.

Jumamosi ikawa siku ya kuhama kutoka Kabiro, hapo hapo Kawangware, kwenda Kibera, upande wa Ayany. Akina mama wa kanisa walikuja kusaidia, na hao hawasukumi mkokoteni bila pambio: wimbo ukifika mwisho, wote wanasukuma kwa pamoja. Khamala, mumewe, alishika mikono ya mkokoteni kule mbele. Kochi, kitanda, kabati, cherehani. Pambio likaisha, wakasukuma hadi mishipa ikawatoka, na mkokoteni ukaanza kujikokota polepole, mtu angedhani umekodiwa kwa saa.

Walipofika wakashusha vitu vyote. Sasa mkokoteni urudishwe, na akina mama, kwa mazoea tu, wakaanza wimbo. Pambio likaisha. Wakasukuma vilevile, kwa nguvu ileile ya kochi na kabati.

Lo! Mkokoteni ulichomoka na Khamala akachomoka nao, kandambili moja ikabaki nyuma, akaenda kusimama kwenye rundo la sukuma wiki la watu. Kila mtu alicheka isipokuwa Mideva, aliyeduwaa katikati ya njia, mkono mdomoni.

"Rudisheni kochi," akasema.

Khamala akauliza kama amerukwa na akili. Kochi likarudishwa. Wakasukuma: polepole. Likashushwa: mbio. Akapunguza wasukumaji, mkokoteni uleule mtupu ukaanza kwa uvivu. Mideva akapiga vigelegele peke yake, majirani wapya wakatoka kuona ni harusi ya nani.

Jumatatu aliomba kwanza asamehewe kwa kichwa chake kigumu, kisha akaeleza kuhusu Khamala na kochi, darasa likavunjika mbavu. Ndegwa akamuuliza, je, tungamo likiongezwa maradufu na nguvu ikabaki ileile? Mideva akajibu kabla mwalimu hajamaliza, kwamba mchapuko utabaki nusu.

"Nani alikwambia una kichwa kigumu?" Ndegwa akauliza, akichukua kalamu amwandikishe.

Mideva alitaka kumtaja huyo mtu, lakini furaha ilikuwa imemjaa hata jina likampotea.